Umelipia Hisa, Gawio Kachukua Mwingine



Kila ikifika Aprili na Mei, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp zinaanza kuzunguka zile picha: "Kampuni fulani imetangaza gawio, nunua hisa sasa hivi ule hela bila jasho." Mmoja anaforward, mwingine anaweka moto, wa tatu anauliza app anaipata wapi. Baada ya wiki kadhaa wale wale wanarudi wakilia kwamba wameibiwa. Nimekuwa nikisoma vilio hivyo kwa muda, nikakaa na sheria na matangazo ya kampuni, na jibu langu litawaudhi baadhi yenu: hawajaibiwa. Kila kitu kimefuata utaratibu. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu mtu akiibiwa anajua pa kwenda kushtaki. Mtu aliyeumizwa na utaratibu halali ambao hakuna aliyemwambia, ataenda wapi?

Niseme wazi ninachotaka kusema, halafu nikitetee. Kati ya siku unayonunua hisa na siku unayohesabika kuwa mmiliki wake kuna pengo. Anayelijua pengo hilo analitumia, asiyelijua anaachwa nalo. Na wale wanaotupigia kelele kila siku eti "vijana wekezeni, acheni kubeti" wameliacha pengo hilo lifunikwe na Kiingereza na kimya.

Najua kuna kamanda tayari ameshika simu anataka kuandika: "Dada, hisa ni mambo ya mabwanyenye, sisi tunadai Katiba Mpya." Subiri kidogo. Anayenunua hisa 200 kwenye simu siku hizi si bwanyenye. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ni muuza mitumba wa Karume, ni kijana wa bodaboda aliyechoka na kausha damu. Wengi ni watoto wa watu walioliwa na DECI mpaka ilipofungwa mwaka 2009, kwa hiyo wakisikia kuna soko halali lenye msimamizi wa Serikali, wanapumua na kuingia. Hao ndio watu wetu. Kama hatuwezi kuwatetea kwenye elfu hamsini yao, tusijidai tutawatetea kwenye mambo makubwa.

Tuanze na elimu, maana hasira bila elimu ni kelele.

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kuwagawia wanahisa. Kwa mfano, CRDB kwa mwaka wa fedha wa 2023 ilitoa shilingi 50 kwa kila hisa. Mwenye hisa 1,000 alistahili shilingi 50,000. Kwa kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani DSE, kodi ya zuio kwenye gawio ni asilimia 5, kwa hiyo inakatwa 2,500 na mkononi inabaki 47,500. Hilo ni rahisi, kila mtu analielewa. Swali gumu ni hili: mwenye hisa 1,000 *siku gani*?

Hapo zinaingia tarehe nne, na ukizichanganya umekwisha.

Ya kwanza ni tarehe ya tangazo. Bodi inasema tunapendekeza kiasi hiki. Hii ndiyo inayosambaa kwenye magrupu, na peke yake haikupi haki yoyote.

Ya pili ni siku ya mwisho ya kununua hisa ikiwa bado na gawio lake. Kesho yake, ukinunua unanunua hisa tupu. Gawio linalokuja linabaki kwa aliyekuuzia.

Ya tatu ni tarehe ya kufunga rejista. Siku hiyo kampuni inafungua daftari la wanahisa na kuuliza: leo majina gani yamo humu? Waliomo wanalipwa. Asiyekuwemo, hata awe amelipa mpaka senti ya mwisho, hayumo.

Ya nne ni tarehe ya malipo, siku hela inapoingia benki au kwenye simu. Mara nyingi inasubiri mkutano mkuu wa wanahisa uidhinishe.

Sasa mtego wenyewe. Tangazo linapiga kelele kuhusu tarehe ya tatu, wakati wewe mnunuzi unayeihitaji ni ya pili. Na kati ya hizo mbili kuna kitu kinaitwa T+3. T ni siku biashara ilipofanyika. Hizo tatu ni siku za kazi zinazohitajika ili malipo yakamilike na hisa zihame kutoka akaunti ya muuzaji kwenda kwenye akaunti yako ya CSD, ile hazina kuu ya kumbukumbu za hisa. Kabla ya hapo una mkataba wa kununua. Jina lako kwenye daftari bado halijaingia.

Ngoja niwape mfano wa kalenda halisi ili msiseme ni nadharia ya darasani. Chukua kampuni ya kubuni ambayo ingefunga rejista Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024. Kijana anasikia "siku tatu", anahesabu kwa vidole: tarehe 1, 30, 29. Anasema sawa, nikinunua Jumatatu tarehe 29 Aprili nimo. Hayumo. Kwa nini? Tarehe 1 Mei ni Mei Mosi, soko limefungwa. Kwa hiyo akinunua Jumatatu, siku ya kwanza ni Jumanne tarehe 30, ya pili ni Alhamisi tarehe 2, ya tatu ni Ijumaa tarehe 3. Rejista imefungwa jana yake.

Basi alipaswa kununua lini? Rudi nyuma. Jumamosi na Jumapili hazihesabiki. Ijumaa tarehe 26 Aprili ni Muungano, soko halikufunguliwa. Siku ya mwisho salama ingekuwa Alhamisi tarehe 25 Aprili. Wiki nzima kabla ya tarehe iliyoandikwa kwa wino mzito kwenye tangazo! Na angalieni vizuri: msimu wa gawio nchini kwetu ni huo huo wenye Muungano na Mei Mosi, na miaka mingine unakutana na Pasaka na Idi. Mtego huu haumnasi mtu mmoja mzembe. Unajitega wenyewe kila mwaka.

Na kwa wale wajanja wanaodhani dawa ni kununua tarehe 25, kuchukua gawio na kuuza wiki inayofuata: taratibu. Hisa ikishatoka kwenye gawio, bei yake huwa na tabia ya kushuka, kwa sababu mnunuzi mpya ananunua kitu kilichopungua thamani. Ongeza asilimia 5 ya kodi, ongeza kamisheni ya dalali ya kununua na ya kuuza. Ile "hela bila jasho" inaweza kukuacha umepungukiwa. Anayekutumia picha ile bila kukwambia hili, hata kama ni kamanda mwenzetu, anakupotosha.

Sasa nivae joho kidogo, maana ada ya chuo haiwezi kwenda bure.

Kisheria, kuna tofauti kati ya kukubaliana kununua na kuwa mmiliki. Ukibonyeza "nunua" na oda yako ikakutana na ya muuzaji, mkataba umezaliwa, na hakuna anayeweza kuugeuka kirahisi. Lakini sheria ya makampuni inamtambua mwanahisa kwa jina lililoandikwa kwenye rejista. Kampuni haina wajibu wa kuuliza nani kalipa, nani kaahidiana na nani. Inasoma daftari. Kanuni hii ina mantiki yake, sitaipinga kwa sababu tu imewaumiza watu ninaowapenda. Bila daftari moja la mwisho, kila gawio lingeishia mahakamani. Na zile siku tatu zilikuwa na maana yake pia: fedha zihakikiwe, hisa zihakikiwe, madalali wawili walipane.

Kwa hiyo sisemi kuna njama. Kampuni inayofunga rejista haijamwonea mtu, na muuzaji aliyelipwa gawio kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye daftari si mwizi. Nasema jambo jingine: kanuni ambayo haki ya mtu inategemea siku moja ni lazima imfikie mtu huyo kabla ya siku hiyo, kwa lugha anayoielewa. Mahakamani tunaliita suala la taarifa. Mtu hawezi kuhukumiwa bila kuitwa. Kwa nini basi apoteze mali bila kuambiwa?

Mama yangu mdogo ana genge la mboga na kikundi cha kuweka na kukopa. Walipogawana fedha mwisho wa mzunguko, yeye alinunua hisa badala ya vitenge. Alinunua msimu wa gawio, akitegemea gawio hilo limsaidie sare za shule za wanawe wawili. Halikuja. Nilimsindikiza kwa dalali wake. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mpole, akafungua kompyuta, akatuonyesha: biashara ilifanyika siku mbili baada ya hisa kutoka kwenye gawio. Mama mdogo akauliza, "Sasa mwanangu, siku nimekupigia nikakwambia nataka ile ya gawio, mbona hukuniambia?" Kijana akajibu, "Mama, tangazo lilikuwa gazetini." Lilikuwepo kweli. Nililitafuta nikalipata: Kiingereza kitupu, herufi ndogo, ukurasa wa katikati. Mama mdogo aliishia darasa la saba na anasoma gazeti la Kiswahili kila Jumapili. Hilo tangazo lilimlenga nani?

Wapo watakaosema, "Mnunuzi ajihadhari, angeuliza." Aliuliza! Aliomba hisa yenye gawio. Na hoja hiyo inatoka kwa watu wale wale wanaotuambia soko la mitaji lina mamlaka ya kulisimamia ili mwananchi wa kawaida awe salama. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 iliunda mamlaka hiyo, CMSA, na kulinda wawekezaji ni sehemu ya kazi yake. Kama kazi ya kumlinda mama mdogo inabaki kwa mama mdogo, mamlaka ni ya nini?

Tukumbushane na historia kidogo. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha iliyozitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Mwaka 2017 Vodacom ikauza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 moja. Wananchi wakahimizwa kwa nguvu zote: changamkieni, mmiliki uchumi wenu. Waliochangamka hawakutosha, muda ukaongezwa, na mwisho mlango ukafunguliwa kwa wageni. Hisa ikaja kukaa chini ya ile 850 kwa miaka. Bei kushuka ni jambo la soko, sitamlaumu mtu kwa hilo. Ninacholaumu ni uwiano wa sauti. Wakati wa kuuza hisa spika zilifika mpaka vijijini. Wakati wa kueleza hisa inafanyaje kazi, gawio linahesabiwaje na tarehe zake zinasomwaje, spika zilizimwa na zimebaki hivyo.

Halafu angalieni upande wa pili. Serikali nayo ni mwanahisa. NMB pekee ina asilimia 31.8. Siku ya kupokea gawio la Serikali kunakuwa na sherehe, hundi kubwa ya mfano, kamera, hotuba na makofi. Msajili wa Hazina hahitaji kuhesabu T+3 kwa vidole, maana jina lake limo kwenye daftari miaka yote na ana wanasheria wa kumsomea Kiingereza. Sina tatizo na Serikali kupata gawio, hilo ni letu sote. Nina tatizo na Serikali inayojua vizuri kabisa gawio linavyopatikana inapokuwa zamu yake, na inayonyamaza inapokuwa zamu ya muuza mboga.

Na wasituambie Kiswahili hakitoshi. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi hii, na ya kutolea haki mahakamani. Majaji wanatakiwa waweze. Bodi za kampuni zimeshindwa nini? Ibara ya 18 ya Katiba, hii hii ya 1977 tunayosema haitoshi, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Siku ambayo akiba ya familia inapata au kukosa gawio ni tukio muhimu. Baadhi ya kampuni zimeanza kutoa matangazo kwa lugha zote mbili, na nazipongeza. Lakini haki ya mtu haiwezi kutegemea hisani ya kampuni aliyobahatika kununua.

Kwa hiyo tudai nini? Nimeandika manne, na yote yanawezekana bila kusubiri uchaguzi.

Moja, kila tangazo la gawio liwe kwa Kiswahili pia, na tarehe iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote iwe siku ya mwisho ya kununua, ikiwa imeshapigiwa hesabu ya wikiendi na sikukuu. Tarehe ya kufunga rejista ije chini yake.

Mbili, kila app na kila dalali alazimike kumwonyesha mnunuzi, *kabla* hajabonyeza, sentensi moja tu: "Ukinunua leo, utapata gawio hili," au "Ukinunua leo, hutapata gawio hili." DSE tayari ina Hisa Kiganjani. Mfumo unaojua bei kwa dakika hauwezi kushindwa kujua tarehe.

Tatu, iwekwe idadi ya chini ya siku za kazi kati ya tangazo na siku ya mwisho ya kununua. Muda huo umtoshe hata mtu wa Tunduru anayesikia habari siku tatu baada ya Posta.

Nne, tupewe ratiba ya kupunguza zile siku tatu zenyewe. India ilikamilisha kuhamia T+1 Januari 2023. Marekani ikafuata tarehe 28 Mei 2024. Sisi hapa mtu anatuma hela kutoka Kariakoo inafika Kasulu kabla hajarudisha simu mfukoni. Tuambiwe hisa inasubiri nini siku tatu, na itasubiri mpaka lini. Pengo likifupishwa litabaki, lakini wengi zaidi wataweza kuliruka.

Najua itasemwa kwamba haya ni madogo. Binti wa sheria ameacha maiti za demokrasia anahesabu siku za benki. Mimi naona ni ugonjwa ule ule. Uchaguzi una tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, rufaa ina siku za kukata, pingamizi la ardhi lina muda wake. Mara ngapi watu wetu wamepoteza haki si kwa sababu hawakuwa nayo, bali kwa sababu tarehe ilipita hawajui? Wenye madaraka wamejifunza kwamba hawana haja ya kukunyang'anya haki. Inatosha kuiwekea tarehe na kuitangaza mahali usipopita.

Wakati tunadai, tusikae. Ukiona picha ya "nunua ule gawio", kabla hujaisambaza uliza: rejista inafungwa lini? Hesabu siku tatu za *kazi* kurudi nyuma, toa wikiendi, toa sikukuu, halafu ongeza siku moja ya tahadhari, maana oda yako inaweza isipate muuzaji siku hiyo hiyo. Mwulize dalali kwa maandishi, si kwa simu: "Nikinunua leo, nitapata gawio lililotangazwa?" Jibu lake litunze. Siku likigeuka, una karatasi mkononi, na malalamiko yenye karatasi CMSA ni lazima iyasome. Na kama ulishauza, usikate tamaa kabla ya kuangalia tarehe. Inawezekana uliuza baada ya hisa kutoka kwenye gawio, na hela yako ipo.

Makatibu wa matawi, hili ni somo la nusu saa. Chukueni kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu, muwafundishe watu kuhesabu. Mimi niko tayari kuja tawi lolote la Dar likizo hii, nauli ya daladala nitajilipia. Mama mdogo amesema atakuja na kikundi chake chote.